Chupa ya Kahawia Kwenye Rafu ya Tatu

Siku walipofunga mashine ya kusoma vidole kwenye mlango wa maabara, kila mfanyakazi aliweka kidole chake, taa ya kijani ikawaka, mlango ukafunguka. Ilipofika zamu ya mwosha vyombo, taa ikawaka nyekundu. Akafuta kidole kwenye aproni, akaweka tena. Nyekundu. Akajaribu vidole vyote kumi, kimoja kimoja, mpaka fundi aliyekuja kuifunga akaanza kucheka.

"Dada, alama zako za vidole umeziacha wapi?"

"Kwenye karai," akajibu, na waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko.

Lakini ilikuwa kweli tupu. Miaka mitatu ya sabuni kali, maji ya moto na spiriti ilikuwa imelamba mistari yote, vidole vikabaki laini kama ganda la yai. Tangu siku hiyo akawa anaingia kwa mgongo wa wenzake: anagonga kioo, aliye karibu anamfungulia. Kwenye orodha ya mashine, inayoandika nani kaingia na saa ngapi, yeye hakuwepo kabisa. Hakuna aliyejali. Walikuja kujali baadaye, mambo yalipokwenda kombo.

Pale kazini walimwita Mama Chiriku. Mwanawe, binti wa miezi kumi, alianza kubwabwaja mapema kuliko watoto wote wa jirani. Akifumbua macho tu ni ba-ba-ba, da-da-da, kama mtu anayedai haki yake. Baba mtu ndiye aliyempachika jina la Chiriku, na jina likamganda mtoto na mama yake pia.

Kazi yake wengi waliidharau, naye alijua. "Si kuosha vikombe tu?" shemeji yake alimwambia siku moja. Kikombe cha nyumbani ukikiosha kikang'aa, umemaliza. Cha maabara, kung'aa bado si kitu. Kila chombo kilipita kwenye sabuni yake, kikasuuzwa kwa maji ya bomba mara saba, kisha kwa maji yaliyosafishwa na mtambo mara tatu, kisha kwa spiriti, kisha tanuri. Alihesabu kwa kunong'ona, na mtu akimsemesha katikati, alianza upya.

Vyombo vile vilitumika kutafuta vitu ambavyo jicho halivioni. Wakaguzi walileta bidhaa kutoka madukani, biskuti, vinywaji, majani ya chai, na maabara iliangalia kama ndani mna kitu ambacho karatasi ya nje haikukitaja. Siku hizi walichotafuta zaidi ni vileo vya siri: vitu vya kumfanya mtu acheke ovyo, aone visivyokuwepo, au alale asiamshike. Watengenezaji walikuwa wajanja. Walichukua dawa iliyokatazwa, wakaigeuza kidogo tu, ikawa kitu kipya ambacho hakimo kwenye orodha yoyote ya sheria.

Mwezi ule zililetwa pipi za jeli. Wanafunzi saba walikuwa wameanguka baada ya kuzila, na mwenye kiwanda alikuwa ameshaweka wakili. Mkemia mkuu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini ambaye wote walimwita Madamu, aliwakusanya asubuhi.

"Huyu wakili hatafuti pipi," alisema. "Anatutafuta sisi. Kosa moja tu hapa ndani, kesi imekwisha. Tumeelewana?"

Wakaelewana. Mama Chiriku alisimama nyuma na karai lake. Kosa moja alikuwa nalo tayari.

Siku moja kabla ya hapo, chupa ilimteleza. Ilikuwa chupa ndogo ya kahawia yenye kifuniko cha mpira wa kubonyeza, ile ya kudondoshea. Ilikaa rafu ya tatu, na ndani yake walitia spiriti safi ya kumalizia: kila sampuli, kabla ya kuingia kwenye mashine ya kupimia, iliongezwa matone machache kutoka chupa hiyo mpaka ifike kwenye alama. Ilianguka sakafuni, ikapasuka, na kijiti cha kioo kilichokuwa kwenye kifuniko kikavunjika vilevile.

Alikuwa ameshavunja vitu viwili mwaka ule. Alikuwa kibarua, na ajira ya kudumu ameahidiwa mwisho wa mwezi, mradi asivunje cha tatu. Bohari ilikuwa tupu. Chupa mpya zimeagizwa, hazijafika.

Basi akafikiri kama mwanamke mwenye nyumba anavyofikiri. Nyumbani alikuwa nayo chupa kama ile, ileile kwa ukubwa, ileile kwa rangi, na kifuniko chake cha mpira. Ilikuwa ya matone ya mtoto, yamekwisha. Akabandua karatasi, akaichemsha, kesho yake akaileta kazini kwenye mkoba na kuiosha kama kawaida, sabuni, saba, tatu, spiriti. Kifuniko nacho alikiosha vilevile. Akaiweka rafu ya tatu. Hakuna aliyejua. Akashusha pumzi.

Nyumbani nako kulikuwa na jambo, lakini hilo halikuwa na sura ya kueleweka.

Chiriku alikuwa analala mno. Mama mtu alipotoka kazini alasiri, maziwa yamejaa mpaka yanamuuma, alikuwa amezoea kumkuta mlangoni mikononi mwa shangazi wa mumewe, akirusha miguu. Sasa alimkuta amelala kama pono. Akimwamsha anyonye, anavuta mara mbili, tatu, mdomo unalegea. Shingo nayo inalegea. Na zile kelele zake zilikuwa zimepungua siku hadi siku, mpaka ikawa anatazama tu, macho mazito, kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili.

"Anakua," alisema mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache. "Watoto hulala."

"Anakua kwa kunyamaza?"

"Mama Chiriku, akilia taabu, akilala taabu. Unataka nini?"

Aliyekuwa akishinda na mtoto ni shangazi huyo, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, aliyekuja kuwasaidia tangu mama aliporudi kazini. Alikuwa mpole, mcheshi, mwepesi wa kununa. Meno ya mtoto yalipoanza kutoka na kilio kikawa hakikatiki, muuza duka aliwaonyesha yale matone ya kutuliza. Mama Chiriku mwenyewe ndiye aliyenunua chupa ya kwanza. Aliisoma karatasi mara mbili pale dukani, maana ndiyo kazi ya mahali anapofanya: picha ya mtoto amelalia kiganja, na chini yake, "Mimea mitupu. Haina kemikali." Matone matatu baada ya chakula. Mtoto akatulia. Wote wakashukuru. Sasa walikuwa chupa ya pili.

Kwa hiyo matone hakuyashuku. Alimshuku shangazi.

Hakutaka, lakini wazo likishaingia halina mlango wa kutokea. Shangazi alikuwa na vidonge vyake vya magoti. Shangazi alipenda tamthilia za mchana na hakupenda kukatizwa. Akaanza kunusa mdomo wa mtoto kila anaporudi. Akahesabu vidonge vya shangazi vikiwa kabatini, havikupungua isivyo kawaida. Akarudi nyumbani ghafla siku moja, kwa kisingizio cha kusahau mwavuli, akamkuta shangazi amekaa sakafuni na magoti yake yale, anamwimbia mtoto aliyelala.

"Umesahau mwavuli na jua lote hili?" shangazi alimuuliza.

"Huenda ikanyesha."

"Haya. Tutaiona hiyo mvua."

Ndipo akafanya kama alivyozoea kuona kazini. Alichukua uzi mweusi, akaufunga kuizunguka chupa ya matone, palepale yalipofikia. Kama ni matatu mara tatu kwa siku, alijua yatashuka kiasi gani. Kama shangazi anazidisha, uzi utamwambia.

Huku kazini, siku ya pili ya zile pipi, mashine ya kupimia ilikataa.

Si kwamba iliharibika. Mtambo wenyewe ulikuwa mzima, na aliyeuendesha alikuwa Miwani, mtu mzima mwenye upara na mzaha mwingi, aliyezungumza na mashine kama mtu anavyozungumza na mke wake mkubwa. Kila asubuhi, kabla ya sampuli yoyote, Miwani hupitisha kichupa kisicho na kitu, spiriti tupu, ili kuhakikisha vyombo ni safi. Kwenye kioo cha kompyuta hutakiwa kutokea mstari ulionyooka, umelala. Kitu chochote kikiwemo, mstari huinuka kama mlima, na kila kitu kina dakika yake ya kuinuka.

Asubuhi ile, kichupa kitupu kilipopita, mstari ulilala, ukalala, na ilipofika dakika ya nane ukainuka mlima mwembamba, mrefu, ncha kama sindano.

"Wewe nani?" Miwani aliuliza kioo.

Akarudia. Mlima. Akapitisha pipi ya kwanza: kulikuwa na milima mingine, na huo wa dakika ya nane nao ukiwemo. Ya pili, upo. Hata biskuti ya kawaida waliyoitumia kulinganishia, upo.

Madamu alisimama nyuma yake, mikono kifuani. "Kuna kitu kimeingia kwenye vyombo vyetu," alisema polepole, na kugeuka kumtazama mwosha vyombo kupitia kioo cha chumba cha kuoshea.

Siku zilizofuata, maabara ikawa nyumba ya watu wanaoviziana. Kazi ya pipi ilisimamishwa. Madamu alifunga makabati na kutembea na funguo shingoni. Kuna aliyesema alimwona wakili akizungumza na mlinzi. Mlinzi akasema aliyezungumza na wakili ni Miwani. Miwani akasema yeye alimwelekeza tu choo kilipo, na kama kuelekeza choo ni rushwa basi yeye ni tajiri.

Madamu akaitoa orodha ya mlango. Akaipitia kwa kalamu, mstari kwa mstari. Kisha akamwita Mama Chiriku.

"Humu hamna jina lako."

"Mashine hainisomi, Madamu. Vidole vyangu."

"Kwa hiyo unaingia na kutoka, na hakuna pa kujua."

"Nafunguliwa na wenzangu."

"Alhamisi ulionekana getini unapokea mfuko kwa mwanamume."

"Ni mume wangu. Aliniletea dawa ya kifua, nilikuwa nakohoa."

Madamu alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Unaosha vipi?" akauliza. Akamwonyesha. Madamu akakaa kwenye kiti akimwangalia, saba, tatu, spiriti, na hakuona kasoro. Alipoondoka, Miwani akachungulia.

"Usimjali, mwanangu. Hata mimi ananiangalia kama nimekula paka wake."

Mama Chiriku alicheka kwa mdomo tu. Macho yake yalikuwa yamekwenda rafu ya tatu, mahali chupa ya kahawia ilipokaa, imetulia, haina habari. Aliwaza: haiwezekani. Niliichemsha. Halafu, ilikuwa na mimea mitupu. Akajituliza hivyo, lakini machale yalikuwa yanamcheza.

Jumapili aliutazama uzi. Matone yalikuwa yameshuka sawasawa na hesabu, wala hayakuzidi hata kidogo. Shangazi hakuwa ameongeza.

Angepaswa kufurahi. Badala yake alikaa jikoni na ile chupa mkononi, akiigeuzageuza. Kama si shangazi, ni nani? Chiriku alikuwa amelala kwenye mkeka, saa nne asubuhi, kinywa wazi, nzi akitembea kwenye kiganja chake bila kufukuzwa.

Jumatatu, alikuwa anapanga vichupa kwenye trei pale chumba cha mashine Miwani alipopiga meza.

"Nimempata! Madamu, njoo, nimempata huyu dakika ya nane!"

Madamu akaja. Mama Chiriku akaendelea kupanga, kichwa chini.

"Kwenye orodha yetu hakuwemo, ndiyo maana amenisumbua," Miwani alisema. "Nimemtafuta kwenye maktaba mpya, ile tuliyoletewa juzi. Mashine imemvunja vipande, na vipande vimelingana. Ni dawa ya usingizi. Ndugu wa zile za hospitali, ila huyu hajasajiliwa popote, hakuna daktari anayemwandika. Ametengenezwa tu, akaachiwa mitaani. Mtu mzima akipewa chembe, anayumba."

"Usingizi?" alisema Madamu. "Ameingiaje kwenye spiriti yetu? Pipi zile zina kitu cha kulevya kichwa. Hazina hiki."

"Spiriti kwenye pipa ni safi, nimeipima. Inachafuka njiani. Kitu kinachogusa kila kichupa."

Mama Chiriku aliacha kupanga trei. Akaiweka mezani.

Hakuna aliyemuuliza. Hilo alilikumbuka baadaye, kwamba hakuna aliyekuwa akimtazama. Angeweza kutoka, akaichukua chupa, akaiponda kwenye pipa la taka, na mlima ungetoweka kesho yake kama haukuwahi kuwepo. Mwisho wa mwezi ulikuwa siku tisa mbele. Na mtoto angeachishwa matone kimyakimya, hakuna wa kujua.

Lakini angejuaje mtoto ameingiwa na kiasi gani? Angemwambia daktari nini? Mimea mitupu?

"Madamu," alisema. "Chupa ya rafu ya tatu ni yangu."

Wakageuka wote wawili.

"Ile ya ofisi niliivunja. Nikaleta ya nyumbani. Ilikuwa na matone ya mtoto. Niliiosha, Madamu, naapa niliiosha mara saba na mara tatu na..."

"Kifuniko?" Miwani akamkatiza. "Kile cha mpira?"

"Nacho nilikiosha."

Miwani alivua miwani yake, akajifuta uso. "Mpira unakunywa, mama. Kioo hakinywi, mpira unakunywa. Unausuuza kwa maji wee, wenyewe umeficha ndani. Ukitiwa spiriti, unatapika."

Mama Chiriku aliosha kioo miaka mitatu. Kwenye kioo hakuna aliyemzidi. Vifuniko vya mpira vya maabara vilikuwa havioshwi. Madamu huvitupa na kuweka vipya. Yeye alidhani ni ubadhirifu wa watu wa ofisini.

Madamu alikuwa amekaza uso, na Mama Chiriku akasubiri maneno ya kumfukuza. Yaliyokuja siyo hayo.

"Matone ya mtoto," Madamu alisema. "Mtoto gani?"

"Wangu."

"Bado anapewa?"

Mama Chiriku akatazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika kumi. Baada ya chakula, matone matatu.

"Sasa hivi," alisema, akaishika simu.

Simu ya shangazi iliita, ikaita, haikupokewa. Alikuwa na tabia ya kuiacha kwenye mkoba. Madamu akaita dereva wa ofisi. Akamwambia Mama Chiriku avue aproni, na kabla hajafika mlangoni akamshika bega.

"Sikiliza. Chupa ya huko nyumbani usiimwage, usiioshe. Ifunge kama ilivyo. Mtoto mpeleke hospitali moja kwa moja, na daktari umtajie jina nitakalokuandikia hapa. Usimwachishe mwenyewe kwa kubahatisha, dawa za namna hii zikikatwa ghafla zinaweza kumletea degedege. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Mambo mengine tutaongea. Nenda."

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, Chiriku magotini, kichwa cha mtoto kimeegemea kifua. Chupa iko wazi. Mkono wenye kifuniko cha mpira ulikuwa umeinuliwa, tone limening'inia.

"Shangazi, acha!"

Mwanamke akashtuka, tone likaanguka kwenye gauni. "Kulikoni? Umesahau mwavuli tena?"

"Lete mtoto. Usimpe. Hayo siyo mimea."

"Siyo mimea ni nini?"

"Ni dawa ya usingizi. Imefichwa humo. Tumeiona kwa mashine."

Shangazi aliitazama chupa mkononi mwake, akamtazama mtoto. Halafu kidole chake kikapita juu ya kioo, kikakuta uzi.

"Huu niliuona tangu Jumatano," alisema taratibu. "Nikajua unanipima. Nikanyamaza. Nikasema, mtoto wa mwenzio, acha mama apime. Basi ulidhani ni mimi?"

Mama Chiriku alimbeba mtoto, mzito kwa kulegea, akainamisha kichwa. "Nilidhani ni wewe, shangazi. Nisamehe. Mimi ndiye niliyeyanunua."

"Twende," alisema shangazi, akijinyanyua kwa kushika ukuta. "Kunung'unika nitanung'unika garini."

Na kweli alinung'unika njia nzima, huku analia, huku akipuliza uso wa mtoto asisinzie.

Daktari aliipokea ile karatasi ya Madamu, akaisoma mara mbili, akaita mwenzake. Walimlaza mtoto siku tano. Zilikuwa siku mbaya. Usingizi ulipoanza kumtoka, mtoto alitetemeka vidole, akalia kilio kikavu kisicho na machozi, akakataa ziwa, akalitaka, akalikataa. Mumewe alikuja na zana zake za kazi begani, akasimama miguuni mwa kitanda. "Nilisema watoto hulala," alisema, akaziweka zana chini.

Siku ya tano, muuguzi alikuja kupima joto. Chiriku aliikazia macho ile kalamu mfukoni mwa muuguzi, akanyoosha mkono, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuhutubia.

"Ba," alisema.

Mama mtu akashika mdomo wake mwenyewe.

"Ba-ba-ba. Da!"

"Mkali huyu," alisema muuguzi.

"Mpe kalamu yake," shangazi akasema kutoka kwenye kiti. "Huyo ukimnyima atakushtaki."

Aliporudi kazini, barua ilikuwa inamsubiri, imefungwa. Ilisema ameleta chombo kisichoruhusiwa na kuficha uharibifu. Onyo la mwisho, na ajira ya kudumu imesogezwa miezi sita. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mkobani. Haikuwa kufukuzwa.

"Ungeniambia umevunja," Madamu alisema, "ningekuandikia onyo, ningekuazimia chupa ofisi nyingine. Basi."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Wiki nzima nimemshuku Miwani, mtu niliyefanya naye kazi miaka kumi na tatu. Nilimpekua droo." Akashusha sauti. "Hajui. Usimwambie."

Chupa yake ya nyumbani haikufaa kuwa ushahidi. Ilikuwa imefunguliwa, imekaa jikoni, imefungwa uzi. Wakili yeyote angeicheka. Wakaguzi walitumwa maduka matatu, wakanunua chupa ambazo hazijafunguliwa, zikapigwa lakiri mbele ya mashahidi. Vyombo vya kazi hiyo aliviosha yeye. Madamu hakumbagua, ila alikaa tena kwenye kile kiti na kumwangalia mpaka mwisho, na safari hii Mama Chiriku hakuona vibaya. Kichupa kitupu kilipopita, mstari ulilala moja kwa moja hadi mwisho. Yalipopita matone, dakika ya nane, ukapanda mpaka ukagonga juu ya kioo.

"Chupa tatu, maduka matatu," alisema Miwani bila mzaha. "Watoto wangapi hao?"

Matone yaliondolewa madukani. Pipi za jeli nazo zikapimwa upya, na kesi ikaendelea.

Mwezi na nusu baadaye, akitoka kazini, Mama Chiriku aliingia kwenye duka lilelile kununua sabuni. Siku hizi hakununua kitu bila kukigeuza nyuma, na muuza duka alikuwa ameshamchoka. Kwenye rafu ya dawa, aliona chupa ndogo za kahawia. Jina lilikuwa jipya, karatasi ya kijani badala ya buluu. "Asili tupu," ilisema. Lakini mtoto wa kwenye picha alikuwa yuleyule, amelalia kiganja kilekile.

"Haya yameingia lini?" aliuliza.

"Juzi. Mazuri sana, mtoto anatulia. Tena wewe si una mtoto?"

"Ninaye."

Alinunua moja. Hakuifungua. Aliifunga kwenye kitambaa, akageuza njia na kurudi alikotoka, akagonga kioo cha mlango mpaka Madamu mwenyewe akaja kumfungulia.

"Haijafunguliwa," alisema, akiinyoosha kwa mikono miwili. "Nimeinunua sasa hivi. Risiti hii hapa. Zimebaki kumi na moja kwenye rafu."

Madamu aliitazama picha. Akainua simu kuwaita wakaguzi.

Nyumbani alifika amechelewa, kifua kimejaa, kinauma. Kelele alizisikia tangu kwenye ngazi. Shangazi alikuwa mlangoni na Chiriku, ambaye alikuwa anapiga makelele na kurusha miguu, uso umejaa machozi na makamasi.

"Chukua mtu wako," shangazi alisema. "Amelia tangu saa nane, jino la juu linatoka. Tamthilia sijaiona hata kidogo."

"Pole, shangazi."

"Pole ya nini? Nilimwacha alie."